Kabla ya kuuliza bei ya kiwanja, uliza kibanja ni cha nani

UKITOKA Kampala kwa barabara ya Gulu Jumamosi asubuhi, ukishaupita msongamano wa Kawempe na ule wa Matugga, utaanza kuona mabango yamepigiliwa kwenye miti na nguzo. Viwanja vinauzwa, futi 50 kwa 100, hati ipo, piga simu. Mbele kidogo kuna gari lenye vipaza sauti, na chini ya mwembe wamekaa watu ishirini hivi wakisubiri kupelekwa kutazama. Ni watu wa kawaida: walimu, wauguzi, wachuuzi wa Owino na Kikuubo, askari wanaokaribia kustaafu. Wamechoka kulipa kodi ya nyumba mjini, na kila mmoja anataka watoto wake wawe na mahali pa kuita nyumbani.

Sina ugomvi na nia hiyo. Mimi na mke wangu tumezunguka Bombo na Wobulenzi kwa miezi minane sasa tukitafuta mahali. Ugomvi wangu ni na maswali tunayouliza. Sikiliza mazungumzo ya wanunuzi hao njiani: ni mbali kiasi gani hadi kwenye lami? Umeme umefika? Shule je? Nikilipa taslimu utanipunguzia? Yote ni maswali mazuri. Lakini katika Buganda yote yalipaswa kusubiri jibu la swali moja: nani tayari ana haki juu ya udongo huu?

Msomaji wa pwani akisikia neno kiwanja hababaiki. Ni kipande cha ardhi, kina mipaka, kina mwenyewe. Kwa Kiganda neno hilohilo ni kibanja, na hapo ndipo wageni wengi wanapopotea. Kibanja si ardhi yenyewe. Ni haki ya kukaa, kujenga na kulima juu ya ardhi ambayo hati yake ina jina la mtu mwingine. Unaweza kuuziwa kibanja bila hati, na unaweza kuuziwa hati ya ardhi iliyojaa vibanja vya watu. Muuzaji wa kwanza na wa pili wote watakuambia wanauza kiwanja.

Jambo hili lina historia yake. Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa maelfu ya maili za mraba kwa Kabaka, jamaa zake, machifu na wakubwa wengine, ndiyo maana ardhi hiyo ikaitwa mailo. Maili moja ya mraba ni ekari 640, na juu ya ekari hizo walikuwapo wakulima ambao hakuna aliyewauliza. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 iliweka kikomo cha kodi waliyotozwa na kuwazuia wenye ardhi wasiwafukuze ovyo. Mwaka 1975 Idi Amin alitoa amri kwamba ardhi yote ni ya umma. Katiba ya 1995 ikairejesha mailo, kisha Sheria ya Ardhi ya 1998 ikajaribu kumpatanisha mwenye hati na mwenye kibanja. Matokeo yake, hadi leo watu wawili wanaweza kuwa na haki halali juu ya mgomba mmoja.

Kwa hiyo dalali anaposema "hati ipo" huenda hasemi uongo. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua robo ekari nje kidogo ya Wobulenzi. Hakuwa mzembe. Alikwenda ofisi ya ardhi, akaona hati ni halisi, haina zuio wala deni la benki. Alikuja na mpimaji, mawe ya mipaka yakaonekana. Akalipa akiba ya miaka tisa. Siku alipopeleka tripu ya kwanza ya matofali alimkuta bibi kizee anapalilia muhogo, na nyuma ya kahawa kuna makaburi matatu yaliyosakafiwa.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "wewe umenunua karatasi. Mimi niko hapa tangu kabla ya vita."

Na alikuwa sahihi. Sheria inasema wazi kwamba ardhi ikibadilisha mwenyewe, haki ya mkaaji halali haiguswi. Hati ile haikuwa na jina la bibi huyo mahali popote, kwa kuwa hati za mailo hazikutengenezwa ili zimwonyeshe. Marekebisho ya 2010 yaliongeza kwamba mkaaji wa namna hiyo haondolewi ila kwa amri ya mahakama, tena kwa sababu moja tu, kutolipa busuulu. Bila kujua, mwalimu wetu alikuwa amejinunulia cheo cha kabaila. Walipatana mwishoni, bibi akabaki na kahawa na makaburi, naye akachukua upande wa barabarani. Amejenga vyumba viwili. Mahali pa kuchimba choo pamekuwa kesi nyingine kwa mwenyekiti wa kijiji.

Bibi alitaja vita, na katika Luweero huwezi kununua ardhi bila kuvikuta. Kati ya 1981 na 1986 vijiji vizima vya eneo hili vilihamwa. Watu walikimbilia porini, wengine wakapelekwa makambini, wengi hawakurudi, na makaburi ya pamoja yapo hadi leo. Sasa tazama hesabu ya sheria. Sheria ya Ardhi inamtambua mkaaji wa nia njema, yaani mtu aliyekaa na kuitumia ardhi bila kupingwa na mwenye hati kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba kuanza kazi. Katiba ilianza Oktoba 1995. Rudi nyuma miaka 12, unatua Oktoba 1983, katikati kabisa ya vita.

Nani alikuwa juu ya ardhi ya Luweero Oktoba 1983? Mwenye kibanja cha urithi, ambaye baba yake alilipa busuulu, huenda alikuwa amejificha na watoto wake mbali na hapo. Huyo mara nyingi ana njia nyingine ya kuthibitisha haki yake kwa zile sheria za zamani, lakini risiti ziliungua pamoja na nyumba. Aliyefika 1987 akakuta msitu mtupu, akafyeka, akajenga na kuoza mabinti zake hapo, hesabu ya miaka 12 haimfikii, labda kama alikaribishwa na mwenye ardhi au alinunua kwa mtu mwenye haki. Amekaa hapo karibu miaka arobaini. Ana miti ya parachichi na jackfruit inayozaa. Anakuuzia kibanja chake kwa moyo mweupe, majirani wanamshuhudia, mwenyekiti wa LC1 anagonga muhuri. Hakuna tapeli hata mmoja kati yao. Lakini mnunuzi huchukua haki ya muuzaji pamoja na udhaifu wake, na siku mjukuu wa mwenye hati atakapotokea na mpimaji, atakayesimama mbele ya hakimu ni wewe.

Ndiyo maana naona swali la kwanza la mnunuzi si la dalali. Ni la mzee wa jirani ambaye hauzi chochote. Muulize muuzaji alifika lini, alimkuta nani, vita vilimkuta wapi, busuulu anamlipa nani na risiti ziko wapi. Busuulu yenyewe ni kiasi kidogo cha fedha kwa mwaka, lakini risiti yake ina thamani kuliko mihuri mitano. Uliza pia kama mwenye hati anajua kwamba kibanja kinauzwa. Hapa wengi hawajui kwamba sheria inamtaka mwenye kibanja ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Tangu 2010, asipofanya hivyo ni kosa la jinai, na kibanja kinaweza kurudi kwa mwenye ardhi. Yaani mauzo mnayoyafanya kwa siri mkiogopa kabaila asipandishe bei ndiyo yanayompa kabaila ushindi.

Muhuri wa LC1 nao tuuheshimu kwa kipimo chake. Mwenyekiti anajua nani ni nani kijijini, na bila yeye usinunue. Lakini hatoi umiliki. Tena tukumbuke kwamba kati ya uchaguzi wa 2001 na ule wa Julai 2018 hapakuwa na uchaguzi wowote wa LC1, na katika miaka hiyo 17 ndipo ardhi ya kando ya barabara hii ilipoanza kukatwakatwa. Wapo wenyeviti waadilifu. Wapo pia wanaodai asilimia ya bei kabla ya kushika kalamu, na mtu anayelipwa kwa asilimia hana haraka ya kukuambia usinunue.

Jambo jingine ni la wanaume wenzangu. Tuna tabia ya kununua kiwanja kimyakimya ili "kumshangaza" mama watoto. Acheni. Tangu marekebisho ya 2004 ardhi ambayo familia inaishi au inapata chakula chake haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke, na mkataba usio na ridhaa hiyo ni batili. Nenda na mkeo, na umtake muuzaji naye aje na mkewe. Mara mbili katika miezi hii minane mke wangu amezungumza na mke wa muuzaji jikoni kwa robo saa tu, akatoka akaniambia twende zetu.

Kuhusu maji sina mengi. Nenda kutazama mwezi Aprili au Novemba, usiende Januari wakati kila bonde ni kavu na linapendeza. Katiba inasema ardhi oevu inashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo hati iliyotolewa humo baada ya 1995 haikusaidii. Juni 2024 NEMA ilivunja nyumba katika bonde la Lubigi, pembeni mwa Kampala, na walioangua kilio pale walikuwamo watu walionunua kwa mikataba yenye mashahidi.

Wapo wanaoshauri kuikimbia mailo kabisa, mtu akanunue Ankole au Busoga kwenye ardhi ya aina nyingine. Ushauri huo unamfaa mwenye pensheni. Mimi kazi yangu ipo Kampala, na Bombo ni kilomita 35 hivi. Nikiamka saa kumi na moja nafika. Aidha, mailo si ugonjwa. Kibanja chenye mwenye hati anayejulikana, anayepokea busuulu na kuandika risiti, ni makazi salama kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu unaweza kuifikia. Hata ardhi ya Kabaka, ambayo sehemu ya hati zake serikali ilizirudisha, ina utaratibu wake: tangu 2017, kwa kampeni ya Kyapa mu Ngalo, wenye vibanja wamekuwa wakihimizwa kuchukua hati za upangaji. Wengine wanaupenda utaratibu huo, wengine wanauona kama kushushwa cheo kutoka mkaaji hadi mpangaji. Mimi nasema piga hesabu ya umri. Miaka 49 ni mingi kwa mtu wa miaka hamsini. Kwa binti yako wa miaka sita, inaisha akiwa na hamsini na mitano.

Lakini si haki kumwachia mnunuzi mzigo wote huu. Mwalimu hawezi kuwa mwanasheria, mpimaji na mwanahistoria wa vita kwa wakati mmoja. Halmashauri za wilaya zinatoza ada kwa mabango. Basi zikatae kulipia bango lolote la viwanja lisiloandikwa nambari ya bloku na ya ploti, pamoja na maneno mawili ya ukweli: ina wakaaji, au haina. Bango lenye nambari linaweza kuchunguzwa na mtu yeyote katika ofisi ya ardhi kabla hajapanda gari la dalali. Na kila LC1 iwe na daftari moja la mauzo ya vibanja, kurasa zimehesabiwa, linalosomwa mbele ya mkutano wa kijiji, ili kibanja kimoja kisiuzwe Jumatatu kwa mwalimu na Alhamisi kwa mfanyabiashara. Daftari ni bei ya soda chache. Kinachokosekana ni mtu wa kuagiza.

Sisi tumepata mahali pamoja, kilomita nne kutoka Bombo mjini, kwenye mwinuko, nusu ekari yenye mwembe mkubwa. Muuzaji ni mzee wa miaka sabini na kitu. Risiti za busuulu za baba yake amezihifadhi kwenye kopo la biskuti ambalo, anasema, mama yake alilibeba kichwani walipokimbia. Ya zamani zaidi ni ya 1961. Mwenye hati amekwishafariki, na wanawe hawajagawana mirathi. Mmoja wao amekubali kuja Jumamosi ijayo na barua za usimamizi wa mirathi, akae na yule mzee na mwenyekiti, tuzungumze sote chini ya mwembe huo. Dalali anasema tukichelewa kiwanja kitachukuliwa. Mke wangu amemjibu kwamba hatutoi hata shilingi elfu kumi kabla ya Jumamosi, na tangu siku hiyo dalali hapokei simu zetu.