Chuo Kwanza au Pesa Kwanza? Hesabu ya John Isner

Kijana mwenye kipaji cha tenisi akifikisha miaka 18 hujikuta njia panda. Njia moja inamwingiza moja kwa moja kwenye mashindano ya kulipwa. Nyingine inampitisha chuo kikuu kwa miaka minne. Wanaohubiri njia ya kwanza hawakosi ushahidi. Andre Agassi na Pete Sampras walianza kulipwa wakiwa na miaka 16. Andy Roddick, aliyetwaa US Open mwaka 2003, hakusoma chuo. Mhispania Carlos Alcaraz alilibeba taji hilohilo mwaka 2022 akiwa na miaka 19, umri ambao wenzake wa vyuoni huwa wanajiandaa kwa mitihani ya mwaka wa kwanza au wa pili.

Kwa orodha kama hiyo, chuo kinaonekana kuwa mahali pa kupotezea muda. Lakini orodha hiyo ni ya washindi watupu. Haina walioanza kulipwa wakiwa na miaka 17, wakazunguka miaka mitano kwenye mashindano madogo, kisha wakarudi nyumbani bila fedha wala shahada. Ndiyo maana maisha ya uwanjani ya John Isner, Mmarekani aliyestaafu mwaka 2023 akiwa na miaka 38, yanafaa kupimwa kwa makini.

Isner alizaliwa Greensboro, North Carolina, mwaka 1985. Mwaka 2003 alijiunga na Chuo Kikuu cha Georgia katika mji wa Athens, akakaa hapo miaka yote minne. Mtu wa urefu wa mita 2.08 hawezi kuharakishwa. Mwili kama huo unahitaji muda kabla mwenyewe hajaumudu, na chuo kilimpa muda huo. Mwaka 2005 alitwaa ubingwa wa vyuo wa wachezaji wawili wawili akishirikiana na Antonio Ruiz. Mwaka 2007 timu ya Georgia ilimaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja na kutwaa ubingwa wa taifa. Siku chache baadaye, kwenye fainali ya mchezaji mmoja mmoja iliyochezwa hapohapo Athens, Isner alifungwa na Somdev Devvarman wa Chuo Kikuu cha Virginia katika taibreki ya seti ya tatu.

Kilichofuata ndicho kinachotikisa hoja ya wapinzani wa chuo. Miezi miwili tu baada ya fainali hiyo, Isner alipewa nafasi ya mwaliko katika mashindano ya Washington. Wakati huo alikuwa wa 416 duniani. Alishinda mechi tano mfululizo, zote kwa taibreki ya seti ya mwisho, na miongoni mwa waliolala walikuwamo Tim Henman, Tommy Haas na Gaël Monfils. Roddick ndiye aliyemzuia kwenye fainali. Wiki chache baadaye, katika raundi ya tatu ya US Open, alimnyang'anya Roger Federer seti ya kwanza kabla ya kuzidiwa.

Ujasiri huo haukuota usiku mmoja. Katika mechi ya vyuo, wachezaji sita wa kila timu hucheza kwa wakati mmoja kwenye viwanja vilivyopangana. Anayehudumu anasikia kelele za uwanja wa jirani, anajua mwenzake kapoteza, na anajua pointi yake ndiyo itakayoamua. Mashabiki wanapiga kelele kwa namna ambayo Wimbledon isingevumilia. Kijana aliyezoea kucheza taibreki huku timu nzima ikimtegemea haogopi tena taibreki anayojichezea mwenyewe.

Hata hivyo, tusimpambe kupita kiasi. Chuo kilimnoa alipokuwa mkali tayari. Hakikumtibu alipokuwa dhaifu. Mechi iliyompa jina duniani inaonyesha yote mawili. Juni 2010, kwenye Uwanja Namba 18 wa Wimbledon, alimshinda Mfaransa Nicolas Mahut kwa mechi iliyodumu saa 11 na dakika 5, ikachezwa kwa siku tatu. Seti ya tano iliisha 70-68, na njiani ubao wa matokeo ulikwama kwenye 47-47. Isner alipiga sevu 113 ambazo mpinzani hakuzigusa. Lakini katika gemu 138 za seti hiyo, ni moja tu, ya mwisho kabisa, ambayo mmoja aliweza kuuvunja uhudumu wa mwenzake. Asiyeweza kurudisha mpira wa mwenzake hujikuta akicheza hadi giza liingie. Raundi iliyofuata, miguu ikiwa haina kitu, alifungwa na Thiemo de Bakker kwa dakika 74.

Udhaifu huo ulimfuata miaka yote. Alimaliza na mataji 16, likiwamo la Miami mwaka 2018, na mwaka huohuo alipanda hadi nafasi ya nane duniani akiwa na miaka 33. Mataji 14 kati ya hayo aliyapata Marekani, na sita yalikuwa ya Atlanta, jirani na chuo alichosoma. Grand Slam hakuwahi kufika fainali. Nusu fainali yake pekee, Wimbledon 2018, ilimalizika 26-24 katika seti ya tano, akafungwa na Kevin Anderson wa Afrika Kusini, ambaye naye alitokea Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka uliofuata Wimbledon ikaweka taibreki ya seti ya mwisho. Wawili waliolelewa na vyuo walichangia kubadili sheria ya mashindano makongwe kuliko yote. Wanaodai chuo kinaua wachezaji wana kazi ya kulieleza hilo.

Je, angeanza kulipwa mapema angefika mbali zaidi? Sidhani. Kilichomzuia ni miguu na mkono wa kurudisha, wala si umri. Na hata kama ningekubali kwamba chuo kinawapunguzia kasi wateule wachache, swali la sera na la mzazi haliwahusu wateule. Linawahusu walio wengi: wale ambao hawatafika hata 200 bora, na ambao nauli, malazi na malipo ya kocha vitakula zawadi yote wanayoshinda. Mchezaji wa kulipwa akishindwa, hubaki na madeni. Mwanachuo akishindwa, hubaki na shahada.

Chuo nacho kina masharti yake. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la juu iliruhusiwa ufadhili wa masomo 4.5 tu, ukigawanywa kwa kikosi kizima, wakati timu ya wanawake ilipata minane kamili. Mzazi wa kijana wa kiume aliyeahidiwa "ufadhili" aulize ni asilimia ngapi. Tena, kwa miaka mingi NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, iliwabana wachezaji kuhusu fedha za zawadi, na kupokea nyingi mno kuliweza kuufunga mlango wa chuo kabla kijana hajabisha hodi.

Afrika Mashariki tayari ina mfano wake. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyetwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili mwaka 2022, alichagua kwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Wapo waliosikitika, kana kwamba amerudi nyuma. Alichofanya ni kuchagua mahali penye kocha, viwanja, mechi za kila wiki na darasa, vitu ambavyo mchezaji anayejitegemea hununua kimoja kimoja kwa fedha yake.

Hukumu yangu ni hii: kijana anayewafunga watu wazima wa kulipwa akiwa na miaka 18, mwachieni aende. Wengine wote waende chuo, na wazazi, makocha na viongozi wa vyama vya tenisi waache kuwaambia kwamba wameshindwa. Isner alianza kulipwa akiwa na miaka 22, akaendelea kucheza hadi 38.