Anayeuza betri ya sola aichukue ikifa

Sola imeleta mwanga vijijini ambako nguzo za umeme hazijafika, na hakuna mwenye nia njema anayetamani koroboi na moshi wake virudi. Lakini tukiiita nishati safi huwa tunatazama paneli iliyo juu ya paa tu. Paneli hudumu miaka 20 na zaidi. Betri iliyofungwa nayo, hasa ile ya risasi na tindikali ambayo wengi huimudu, mara nyingi haimalizi miaka 5. Maana yake ni kwamba katika umri wa paneli moja familia itatupa betri 4 au zaidi, na zaidi ya nusu ya uzito wa kila moja ni risasi. Usafi wa sola basi unategemea betri hizo zinaishia wapi, na kwa sehemu kubwa tumewaachia wanunuzi wa vyuma chakavu waamue.

Mnunuzi hulipa kwa kilo, na anachokitaka ni risasi. Tindikali humwagwa chini, betri hupasuliwa kwa shoka, risasi huyeyushwa kwenye tanuri la uani. Moshi na vumbi lake hutua kwenye udongo, kwenye maji na mikononi mwa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima. Akili iliyodumazwa na sumu hii hairudi. Hata pale kazi inapofanywa kiwandani, kwa kibali, hatari haiondoki yenyewe. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya wakazi, alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Serikali ikakata rufaa, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu iliporejesha fidia hiyo Desemba 2024. Miaka 10 tangu kiwanda kifungwe!

Atasema mtu kwamba kiwanda kile hakikujengwa kwa ajili ya sola. Ni kweli, lakini risasi ya betri ya gari na ya sola ni moja, na mnunuzi wake ni mmoja. Wengine wanaona litiamu imemaliza tatizo. Imepunguza sumu ya risasi, na hilo ni jema. Ila betri ya litiamu iliyokufa haina soko mtaani, hivyo huishia jalalani, ambako inaweza kulipuka moto. Imebadilisha taka, haijaiondoa.

Pingamizi zito zaidi ni la bei: tukimbebesha muuzaji gharama ya kuirudisha betri, maskini atarudi gizani. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake tunaijua tangu enzi za soda za chupa. Mnunuzi aweke amana, na siku akirudisha betri nzima, pamoja na tindikali yake, arudishiwe fedha. Wakusanyaji wa vyuma chakavu wasifukuzwe, maana ndio wanaofika kila kijiji. Walipwe zaidi kwa betri isiyopasuliwa, na ulafi wa tanuri la uani utakosa chakula. Kenya tayari ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata ikishageuka taka. Itumike kwenye betri kabla ya kitu kingine chochote, na serikali jirani zisisubiri Owino Uhuru yao. Nawe msomaji, ukienda kununua sola, muulize muuzaji betri hii ikifa ataipeleka wapi. Akikosa jibu, nenda duka jingine.