Vifarasi vya binti

Juma lililopita mama mmoja wa Likoni alinipigia simu baada ya Isha. Binti yake wa miaka 9 hukusanya vifarasi vya plastiki, vya mitumba ya Kongowea, kisha huvipaka upya kwa rangi ya kucha. Amefikisha 17. Babake amevitia guniani, akasema ni masanamu na malaika hawataingia nyumbani. Tangu siku hiyo mtoto hataki kwenda chuoni. "Shekhe," akauliza mama, "nivitupe?"

Usivitupe, mama. Hofu ya bwanako ina asili yake, kwani hadithi za kukataza sanamu ni sahihi. Lakini vya kuchezea watoto vina hukumu yake. Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliporejea kutoka Tabuk au Khaybar (mpokezi mwenyewe alitia shaka), upepo ulifunua pazia la Bibi Aisha (R.A.), wakaonekana wanasesere wake. Kati yao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume akauliza ni nini kile, na juu yake mna nini. Alipojibiwa kuwa ni mbawa, akastaajabu. Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (A.S.), naye akacheka hata magego yakaonekana. Hakuchana kitu wala hakutupa.

Kwa dalili hiyo wanavyuoni wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Shafi, wamevitoa vya watoto katika katazo. Wako waliozuia, na baba huyu si wa kwanza. Ama mtu mzima kupanga farasi wazima wazima sebuleni kwa pambo, hilo ni jambo jingine, nami hulizuia.

Nikamuuliza mama ni kipi akipendacho zaidi binti. "Cheusi," akasema, "amekipaka nyeupe usoni na miguuni."

Nilinyamaza kidogo. Weupe wa uso wa farasi Waarabu huuita ghurra, na wa miguu tahjil. Katika Sahihi Muslim, Mtume aliulizwa atawajuaje watu wa umma wake wasiokuja bado. Akapiga mfano wa mwenye farasi wenye ghurra na tahjil, waliochanganyika na farasi weusi watupu: hashindwi kuwatambua walio wake. Na umma wake watakuja hivyo Siku ya Kiyama, kwa athari ya udhu. Maneno hayo niliyahifadhi chuoni nikiwa na umri wa binti huyu, wala sikupata kumwona farasi mwenyewe. Yeye amempaka.

Basi baba alirudishe gunia kwa mkono wake, asimtume mama. Amketishe mwanawe, akitoe kile cheusi, amuulize weupe huu ni wa nini, amsikilize kwanza. Kisha amsimulie habari ya udhu. Vikishachezewa virudi kikapuni. Na rangi ile ikimganda binti kwenye kucha zake, iondolewe kabla ya kutawadha, kwani huzuia maji.

Wallahu aalam.