Programu isiyo na maelezo inaondoka na mwenyewe



Leo tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaojifunza kompyuta hatulipendi: kuandika maelezo ya programu. Hatusemi kodi yenyewe (kodi ya kompyuta, siyo ile ya nyumba). Tunasema zile kurasa zinazomwambia programa mwingine hii kitu inafanya nini, inawashwa vipi, na ikikwama aanzie wapi. Kila mtu anapenda kuonyesha app yake inavyofunguka kwenye simu. Hatujaona bado mtu akipiga picha ukurasa wa maelezo na kuuweka statasi.

Msimamo wetu ni huu: hapa kambini, programu ambayo haina maelezo haijaisha, na kikundi kisiipokee hata kama inang'aa.

Sababu ya kwanza mnaijua. Watu wanaondoka. Dzaleka, hapa Malawi tunapoishi, ni kambi tangu 1994, na mgeni anaweza kudhani basi hapa hakuna kinachohama. Ingia kwenye kikundi chochote cha vijana uhesabu nani alikuwepo miaka miwili iliyopita.

Sisi tulirithi programu ya kusajili wanafunzi wa madarasa ya jioni. Aliitengeneza kijana mwenye kipaji kwelikweli, kabla hatujajiunga. Jina lake likatoka, akapata safari ya nchi ya tatu, tukamfurahia, tukamuaga. Programu ikabaki kwenye laptopu moja. Siku ile laptopu ilipokufa, faili zote zilikuwepo kwenye flashi, lakini kuiwasha kwenye mashine nyingine ikashindikana. Ilikuwa inatafuta faili ya mipangilio ambayo haimo kwenye folda. Ilikuwa inataka toleo fulani la databesi, toleo gani, hakuna aliyejua. README ilikuwepo, ndani sentensi moja: instoli kila kitu halafu run. Kila kitu gani? Humo ndani kulikuwa na majina ya wanafunzi zaidi ya mia mbili, na ngazi aliyomaliza kila mmoja. Wapo waliokuwa wanahitaji barua ya kuthibitisha masomo ili waombe nafasi ya kusoma mbele. Ilibidi warudie mitihani, na wawili walipitwa na tarehe ya maombi.

Yule kijana hatumlaumu. Shirika lililolipia ile kazi lilimwomba ripoti, picha, na idadi ya watumiaji. Maelezo hakuna aliyemwomba.

Kuna wanaosema, sasa si mumpigie simu? Tulimpigia. Kule anafanya kazi usiku, kwake mchana ni wa kulala, na bando letu si la kuongea saa nzima. Halafu kodi uliyoandika mwaka jana ukiiangalia leo ni kama imeandikwa na mtu mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa anakisia.

Wale waliotengeneza Unix kule Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie, walitoa kitabu chao cha kwanza cha maelezo tarehe 3 Novemba 1971. Kila amri ilipewa ukurasa wake: jina, namna ya kuiandika, inafanya nini, faili inazotumia. Kulikuwa na sehemu inaitwa BUGS, yaani mahali pa kusema wazi kwamba hii amri iko na kasoro hii na hii. Na kulikuwa na sehemu ya OWNER, mwenye kitu, ili ukikwama ujue umuulize nani. Kanuni yao ilikuwa kwamba wa mwisho kuibadilisha ndiye mwenye nayo, hata kama hakuianzisha yeye. Sisi tunaipenda sana hiyo kanuni. Ila fikirini kidogo: wale walikuwa wanafanya kazi jengo moja, mtu unamkuta ofisini, na bado waliandika. Sisi ambao mwenye kitu anaweza kuwa Kanada mwezi ujao, tunasema tutaelezana kwa mdomo!

Hoja nyingine tunaisikia kwa walimu wa kodi wenyewe, kwamba kodi nzuri inajieleza. Nusu yake ni kweli. Kodi inaeleza kinachofanyika, haielezi kwa nini. Chukueni mfano huu. Programu ina mstari unaosubiri sekunde 40 kabla ya kujaribu tena kutuma data. Programa mpya ataona huu ni uvivu, ataufuta, programu itakimbia vizuri sana mpaka umeme ukatike. Kumbe umeme ukirudi ruta inachukua muda kuamka, na ule mstari uliwekwa kwa sababu hiyo. Sentensi moja ya maelezo ingemzuia. Hakuna jina zuri la faili wala la fankshoni litakalokwambia habari za umeme wa hapa.

Sasa kuandika kwenyewe. Tunafanya hivi Jumamosi: mmoja analeta ukurasa aliouandika, mwingine ambaye hajawahi kuiona ile programu anakaa mbele ya mashine na kuufuata. Mwandishi anakaa pembeni na haruhusiwi kusema neno. Hapo ndiyo kuna mateso! Unamwona mwenzako ameganda kwenye hatua ya pili, unajua jibu, mdomo unawasha, na huwezi. Lakini pale alipoganda ndipo ukurasa ulipo mbovu. Mara nyingi si mahali ulipodhani. Ulihangaika kueleza databesi, kumbe mtu amekwama kwa sababu hukumwambia aingie kwanza kwenye folda gani.

Kutokana na hizo Jumamosi tumeanza kuwinda maneno fulani. La kwanza ni "tu". Fungua tu terminali. Badilisha tu neno la siri. Hiyo "tu" haimsaidii msomaji, inamwambia kwamba akishindwa yeye ndiye mjinga, na mtu aliyeambiwa hivyo haulizi tena. La pili ni vitenzi visivyo na mtu. "Data hutumwa kila usiku." Inatumwa na nani? Na seva yenyewe, ama na wewe ukibonyeza? Kiswahili chetu kinaturuhusu kumficha mtendaji bila msomaji kushtuka, na kwenye maelezo ya programu hapo ndipo watu wanapotea. La tatu ni "unatakiwa", ambayo mmoja anaisikia kama amri na mwingine kama ushauri. Hawa watu wa intaneti waliliona tatizo kama hilo zamani. Mwezi Machi 1997 Scott Bradner aliandika RFC 2119, waraka mfupi wa kukubaliana kwamba kwenye kanuni zao MUST maana yake ni hii, SHOULD ni hii, MAY ni hii. Sisi tumechagua zetu: lazima, inafaa, unaweza. Basi. Usipofanya cha "lazima", programu haiwaki.

Tunabishana bado kuhusu lugha. Wengine wanasema maelezo yote yawe Kiingereza kwa sababu programa lazima ajue Kiingereza. Hapa tuko na watu wa Kinyarwanda, Kirundi, Kilingala, waliosoma kwa Kifaransa mpaka sekondari, na Kiswahili ndicho kinatukutanisha mezani. Ukurasa wa kwanza, ule wa kuinstoli na kuwasha, sisi tunaona uwe Kiswahili, na amri zibaki vile zilivyo, usitafsiri amri hata siku moja. Lakini tuko pia na wenzetu Wamalawi wanaojifunza hapa, wao Kiswahili si chao, kwa hiyo ukurasa huo huo uwe na Kiingereza chepesi chini yake. Ndiyo, ni kazi mara mbili. Ni ukurasa mmoja, haumuui mtu. Mambo ya ndani kabisa, orodha ya fankshoni na kadhalika, Kiingereza peke yake kinatosha.

Na maelezo yakae ndani ya folda ya programu, siyo kwenye tovuti. Kuna programu tulizopewa ambazo README yake ni linki. Bila bando, linki ni mapambo. Linux inakuja na kurasa zake za man ndani ya mashine. Maelezo ya Python unaweza kuyapakua yote mara moja ukayasoma gizani laptopu ikiwa na chaji. Tufanye vilevile, na ukurasa wa kwanza tuuchapishe, tuubandike ukutani karibu na mashine.

Kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika, ombi letu ni dogo. Mkimlipa kijana siku kumi atengeneze programu, mlipeni mbili zaidi za kuandika. Kabla hamjasaini kwamba kazi imeisha, chukueni mtu mwingine kabisa, mpeni flashi na laptopu tupu, mwandishi atoke nje, muone kama programu itawaka. Msitumie fomu ya kuuliza kama maelezo yapo. Yatakuwepo, sentensi moja.

Jumamosi hii tunapima programu ya maktaba. Aliyeiandika usaili wake umepangwa mwezi ujao. Tunahitaji mtu mmoja ambaye hajawahi kuiona.