Binamu, Fomu na Akaunti ya Kuzikana

Msomaji wangu, juzi usiku wa manane simu ililia nikajua kuna msiba. Kumbe binamu yangu, mtoto wa shangazi, anapiga toka Houston. "Binamu, ile akaunti yetu ya kuzikana iliwahi kufika shilingi ngapi?" Nikamuuliza kama kaishiwa anataka kutukopa. Akasema, "Anayetaka kujua si mimi, ni serikali ya Marekani!"

Kisa chenyewe ni hiki. Binamu ni raia wa kule. Alikuja Dar akapiga kazi miaka sita, kodi inakatwa hapa kila mwezi, akarudi kwake Agosti 2025. Miaka yote hiyo hakujaza hata fomu moja ya kodi ya Marekani. Alijua kodi ya Bongo inatosha.

Kumbe bwana, Marekani humfuata raia wake kama kivuli. Uwe Dar, uwe Dubai, mapato yako uyataje. Msamaha upo, tena mnono: kwa mwaka 2025 unafika dola 130,000 za mshahara wa kazi ya nje. Lakini hauji wenyewe, sharti uuombe kwenye fomu. Na mwaka unaorudi nyumbani, kiwango hicho hupunguzwa kwa hesabu ya siku. Mshahara wa kazi uliyoanza Houston haumo kabisa.

Sasa ukoo unaingiaje? Raia mwenye akaunti za nje ambazo jumla yake imepita dola 10,000, hata kwa siku moja, hupeleka taarifa yake kila mwaka. Si akaunti zake tu, hata ile anayoitia saini kwa niaba ya wengine. Na sisi, kwa kumwona mwenzetu msomi na mwaminifu, tulimpa saini ya chama! Yaani hela za sanda na ubwabwa nazo zihesabiwe Marekani. Akinyamaza, hata kwa kutojua, faini inaweza kupita dola 10,000 kwa mwaka mmoja. Jamani!

Ahueni ipo. Aliyeghafilika bila kukusudia ana mlango: anapeleka fomu za kodi za miaka mitatu na taarifa za akaunti za miaka sita, anaeleza kwa maandishi ilikuwaje, analipa anachodaiwa na riba yake. Ila ajitokeze mwenyewe, kabla hawajaanza kumchunguza. Binamu kashapata mhasibu, na mimi nimeshinda benki kumtafutia karatasi.

Jumapili tukakaa kikao, tukamtoa kwenye saini. Hiyo haifuti miaka iliyopita, lakini angalau haiongezi. Shangazi akanuna, "Mwanangu kaiba nini?" Nikamwambia hakuiba, ila kuna kitu hakusema.

Shangazi akajifunga khanga. "Basi mwambie aseme!"

Nawe mwenye ndugu wa kule anayefunga mizigo kurudi, mfikishie maneno ya shangazi. Tukutane wiki ijayo, inshallah.