Acheni Kutuuzia Minara

Kila anayepata leseni ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano hukabidhiwa, pamoja na jina lake la kituo linaloanza na 5Z4, imani moja ya wazee wa fani: bendi za chini, yaani mita 40, 80 na 160, ni za wenye minara. Kama huna mlingoti mrefu, nenda ukacheze kwenye mita 20 na 10, waya wake ni mfupi na haukusumbui. Nimeisikia hapa Milimani, Nakuru, kwa watu wenye viwanja ambavyo mtu wa Mombasa Old Town angevionea wivu, nao wamekaa mikono mfukoni wakisubiri fedha za kununua chuma cha mnara.

Kanuni yenyewe hutamkwa kama aya: waya wa kulala lazima uwe juu ya ardhi kwa nusu ya wimbi. Basi tupige hesabu. Kwa mita 80, hiyo ni mita 40 kwenda juu, kimo cha jengo la ghorofa 13. Kwa mita 160, maradufu. Hapa kwetu utachimba msingi kwenye jivu la volkano, katika mji ambao ardhi yake ina historia ya kupasuka mvua ikizidi, halafu upeleke maombi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ili wakuruhusu kusimamisha kitu hicho. Mtu akimaliza kukueleza haya yote, ni rahisi kuamini kwamba bendi za chini ni mambo ya matajiri.

Lakini kanuni hiyo ni jibu la swali ambalo hukuulizwa. Imetoka kwenye vitabu vya watu wa Ulaya na Marekani wanaotaka kuvuka bahari, na kwa kazi hiyo ni kweli tupu. Swali la kwanza linapaswa kuwa: unataka kuongea na nani?

Tuseme unataka Nairobi, Eldoret na Kisumu. Nakuru imekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Kaskazini yetu kuna Menengai, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, inayoning'inia juu ya Milimani yenyewe. Magharibi kuna Mau. Mashariki kuna Bahati, na nyuma yake Nyandarua. Redio ndogo za VHF zinagonga kuta hizo na kurudi mikono mitupu, isipokuwa kuwe na kituo cha kurusha upya juu kileleni. Wimbi fupi linalopanda moja kwa moja halina habari na milima. Linafika kwenye ionosfea, kilomita 300 hivi juu, kisha linashuka na kulowesha eneo zima la kilomita mia kadhaa pande zote. Ni sawa na mpira wa kumwagilia bustani: uelekeze juu na maji yatakuangukia wewe na maua yaliyo karibu, uinamishe na utamlowesha jirani huku maua yako yakikauka.

Na waya gani hupeleka nguvu zake juu? Waya ulio chini. Dipoli, yaani ule waya wa kulala, ikiwa chini ya robo ya wimbi kutoka ardhini hurusha sehemu kubwa ya nguvu zake karibu wima. Wenye minara hucheka kwamba antena kama hiyo inaongea na mbingu. Naam, na huko mbinguni ndiko iliko ionosfea.

Sasa tazama kinachompata aliyetii kanuni. Kutoka hapa hadi Nairobi ni karibu kilomita 160 kwa barabara, na pungufu kidogo ukikata hewa. Ili litue hapo baada ya kugonga tabaka la kilomita 300, wimbi linatakiwa kuondoka kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 70. Dipoli iliyo juu kwa nusu ya wimbi kamili ina tundu hapo hapo, juu ya kichwa chake. Kwa hesabu za vitabuni, kwenye ardhi isiyopoteza chochote, nguvu zinazoelekea pembe ya Nairobi hupungua zaidi ya mara mia. Ardhi halisi haina ukali huo, lakini bado utaitafuta Nairobi kwa tochi. Umetumia mamilioni kununua kifaa cha kutosikia jirani.

Wala hili si jambo geni. Tangu miaka ya 1960 shirika la afya la AMREF liliendesha mtandao wa redio za mawimbi mafupi kutoka Nairobi, ukiunganisha hospitali za misheni na zahanati za mbali na madaktari wa ndege. Hakuna mgonjwa aliyeambiwa asubiri mnara wa mita 40 usimikwe. Wanajeshi nao, wakitaka kuongea ng'ambo ya mlima, huivuta antena ndefu ya gari na kuikunja ilale kuelekea nyuma. Wanaishusha makusudi.

Kwa hiyo kwa bendi ya mita 40, mita 8 za kimo ni karibu na mahali panapofaa kabisa. Dipoli yake ina urefu wa mita 20 tu. Kwa mita 80, kimo hicho hicho ni kidogo na ardhi itakula sehemu ya nguvu, desibeli mbili au tatu ukilinganisha na waya ulio juu mara mbili, yaani kama nusu ya kizio kimoja cha S kwenye mita ya redio. Usiushushe hadi kifuani ukadhani ni yale yale. Chini ya moja ya kumi ya wimbi hasara hupanda haraka. Mchana jua letu la ikweta hulipa tabaka la D, lile la chini kabisa la ionosfea, nguvu ya kumeza mita 80, basi tumia 40. Usiku geuza.

Watasema dipoli ya bendi ya mita 80, yenye urefu wa mita 40, haitoshi kwenye robo ekari. Ukiinyoosha, huenda isitoshe. Mkondo mkubwa wa umeme uko katikati ya dipoli, na ncha hazina kazi kubwa ya kurusha mawimbi. Acha katikati pawe juu na pamenyooka, kisha ncha zikunje zifuate ua au zining'inie wima mita tano sita. Ziweke mbali na mikono ya watoto, kwa kuwa kwenye ncha ndiko volti zilikojaa. Kuupandisha ni manati, kamba ya kuvulia samaki na risasi ya chuma: unairusha juu ya tawi la jakaranda, unavuta kamba nene kwa ile nyembamba, unafunga kapi ili upepo ukiyumbisha mti waya usikatike. Usipite juu wala chini ya nyaya za Kenya Power.

Bado kuna anayetaka Ulaya kwenye mita 160. Huyu ndiye wenye minara humtumia kufunga mjadala, na hapa ndipo wanaposhindwa vibaya zaidi, maana tatizo lake liko chini ya nyayo zake. Chukua waya wa mita 40, panda nao wima mita 9, kisha uulaze kuelekea mti wa pili. Hiyo ni L iliyopinduliwa. Ile sehemu ya wima ndiyo inayorusha mawimbi kwa pembe ya chini, na kwa kimo hicho ukinzani wake wa mrusho, yaani ule unaogeuza nguvu kuwa mawimbi, ni omu 5 hivi. Sasa, ukipigilia kijiti kimoja cha ethi kwenye jivu letu la volkano, ardhi kavu inayopitisha maji upesi na umeme kwa shida, hasara yake inaweza kuwa omu 20 na kuendelea. Kati ya wati 100 zako, 20 zinaondoka na 80 zinapasha moto minyoo.

Dawa ya wauza minara ni kuinua mlingoti ufike mita 18. Ukinzani wa mrusho utapanda hadi karibu omu 17, na wati 45 zitaondoka. Nakubali, ni faida ya kweli. Dawa yangu ni kuacha mlingoti ulivyo na kutandaza nyaya za ethi nyingi, hata fupi za mita 10, zikitoka kwenye kitako cha antena kila upande na kufukiwa chini ya nyasi kwa ncha ya jembe. Ukiishusha hasara hadi omu 5, wati 50 zinaondoka. Umemshinda wa mnara kwa waya wa mitumba uliotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Wenzetu wa Lamu na Kilifi, wenye maji ya chumvi mlangoni, hata jembe hawalihitaji. Ziwa Nakuru nalo lina chumvi ya kutosha, ila ufukwe wake ni hifadhi, na nyani si majirani wa kuachia kebo.

Kuhusu kusikia, kimo kirefu ni mzigo hasa. Kelele za bendi za chini katika ukanda huu zinatoka kwenye radi za bonde la Kongo na Ziwa Victoria, na waya ulio juu unazidaka kutoka mbali kuliko ulio chini. Adui mwingine anaishi ukutani. Washa redio Milimani saa mbili usiku kwenye 3.6 megahezi: tak, tak, tak, mara moja kwa sekunde au karibu, ni ua wa stima wa jirani unaovuja kwenye kihami kilichopasuka. Mnara hauponyi hilo. Kitanzi kidogo cha waya chenye kipenyo cha mita moja, kikizungushwa kwa mkono hadi kelele ife, kitafanya zaidi, pamoja na kuzungumza vizuri na jirani ili abadilishe kile kihami.

Anayeshindana kuipata Japani kwenye mita 40 kila wiki, na ana kiwanja na fedha, ajenge, mnara utamlipa. Ila kijana wa mtaa wa Kaptembwo, hapa Nakuru, aliyepata leseni juzi anahitaji mita 20 za waya, mianzi miwili ya kuunyanyua juu ya paa, na mtu wa Eldoret aliye hewani saa nne asubuhi.