Tusifagie na Kuondoka

Kila majira ya kuchipua, Jiji la Philadelphia huwaita wakazi wake kushika fagio. Utaratibu huo ulianza mwaka 2008, enzi za Meya Michael Nutter, na tangu hapo maelfu ya watu hujitokeza Jumamosi moja ya Aprili kuzoa taka mitaani, kwenye bustani na viwanja vya michezo. Jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili hushiriki kwa moyo. Tunavaa fulana zetu, tunabeba mifuko, tunapiga picha mbele ya bango, kisha tunagawana sambusa na chai na kila mtu anarudi kwake. Ni siku njema, na wanaoiandaa wanastahili shukrani zetu.

Tahariri hii inaomba zaidi ya hapo. Tunaomba mwaka huu Jumuiya ichague kipande kimoja cha mtaa na kiwanja kimoja kilichotelekezwa, ikubaliane na majirani wanaoishi hapo, na ikitunze kuanzia Aprili hii hadi Aprili ijayo, na baada ya hapo iendelee. Hatusemi hivi kwa kupenda makubwa. Jiji tunaloishi limeshapima ni kazi gani inayobadilisha maisha ya watu na ni ipi isiyofika mbali, na matokeo yanajulikana.

Philadelphia ina viwanja vitupu vipatavyo 40,000. Mwaka 1950 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Leo ni kama milioni 1.6. Viwanda vilifungwa, familia zikahama, nyumba zikaanguka au zikabomolewa, na nafasi zilizobaki zikaota magugu. Shirika la Pennsylvania Horticultural Society lina mpango uitwao LandCare unaohudumia maelfu ya viwanja hivyo kwa njia nyepesi kabisa: huondoa taka, husawazisha udongo, hupanda nyasi na miti michache, kisha hujenga uzio mfupi wa mbao ulioachwa upenyo wa mtu kupita. Uzio huo haumzuii mtoto kuingia kucheza. Unalizuia lori kurudi kinyumenyume usiku na kumwaga kifusi. Baada ya hapo mtu hurudi kukata nyasi na kuokota kilichotupwa, na hurudi tena, msimu mzima.

Watafiti, miongoni mwao Charles Branas na Eugenia South, walichukua viwanja 541 vya jiji hili wakavigawa mafungu matatu kwa bahati nasibu. Fungu la kwanza lilifanyiwa kazi yote tuliyoieleza. La pili lilifyekwa na kuokotwa taka tu. La tatu liliachwa lilivyo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Katika mitaa yenye umaskini mkubwa, ufyatuaji wa bunduki ulipungua kwa asilimia 29 kuzunguka viwanja vilivyotunzwa. Miongoni mwa watu walioishi karibu na viwanja vilivyopandwa nyasi na miti, kiwango cha waliosema wana hisia za sonona kilipungua kwa asilimia 41, na kwenye mitaa maskini kilipungua kwa asilimia 68. Na walioishi karibu na viwanja vilivyookotwa taka peke yake? Hali ya nafsi zao haikuonyesha badiliko la maana.

Hapo ndipo penye somo letu. Mfuko mweusi na fagio ni mwanzo, na mara nyingi sisi huishia hapo hapo mwanzoni. Mtu anayepita mbele ya kiwanja kila asubuhi akienda kusubiri basi anaona mengi zaidi ya usafi. Anaona kama kuna mwenye kupajali. Uzio, mti, nyasi zilizokatwa wiki hii na siyo mwaka jana, hivyo ndivyo vinavyomwambia kwamba yupo. Gharama yake, kwa hesabu za watafiti hao, ilikuwa kama dola 1,600 kukitengeneza kiwanja na dola 180 kwa mwaka kukitunza. Jumuiya inayochangishana maelfu kwa ajili ya harusi moja, na inayosafirisha marehemu wake hadi Kigoma na Bukavu bila kutetereka, haiwezi kusema kiasi hicho kimeishinda.

Lipo jambo tunalolisikia hata vikaoni mwetu, nalo linatuudhi: kwamba mitaa ya kusini-magharibi na kaskazini ya jiji ni michafu kwa sababu wakazi wake ni wachafu. Anayesema hivyo hajakaa kibarazani usiku wa manane katika mitaa hiyo. Sehemu kubwa ya rundo unalolikuta asubuhi haikutoka katika nyumba za hapo. Ni matairi ya gereji, ni mbao na plasta za nyumba zinazokarabatiwa kwingine, zimeletwa na mkandarasi asiyetaka kulipia dampo. Analeta pale anapodhani hakuna atakayeandika namba ya gari lake wala kupiga simu 311, namba ya huduma za jiji. Bibi wa mtaa, ambaye amefagia ngazi zake kila Jumamosi tangu ujana wake, ndiye anayeamka kukuta rundo hilo na kubeba lawama juu yake. Tunapokwenda kumsaidia, twende tukijua hivyo. Hatuendi kumfundisha usafi.

Na ana mengi ya kutufundisha. Tangu mwaka 1965 jiji hili lina kamati iitwayo Philadelphia More Beautiful, na chini yake wapo maelfu ya viongozi wa vipande vya mitaa, watu wa kujitolea wanaowaratibu majirani, wanaochukua mifuko na mafagio ya jiji, wanaofunga barabara kwa ruhusa ili watu wasafishe na watoto wacheze. Wenzetu wa Tanzania wataona hapo balozi wa nyumba kumi. Wenzetu wa Lubumbashi na Goma watamwona shefu wa avenyu. Wengi wa viongozi hao ni Wamarekani Weusi wenye umri wa wazazi wetu. Ni watu ambao, sikukuu ya Kwanzaa inapofika, huamkiana kwa “Habari gani?” na siku ya tatu huiita Ujima, siku ya kazi na wajibu wa pamoja. Wameyatunza maneno ya lugha yetu kwa heshima tangu mwaka 1966. Itakuwa aibu kwetu, wenye lugha, tukiishi nyumba tatu kutoka kwao bila kuyajua majina yao.

Kuna jambo ambalo baadhi ya wanajumuiya hawalisemi hadharani, nasi tunadhani lisemwe. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo usafi wa pamoja ulikuwa amri. Wazee waliokulia Zaire wanaikumbuka Salongo ya enzi za Mobutu, kazi ya lazima iliyosindikizwa na nyimbo za kumsifu mkuu. Rwanda ina Umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na asiyetokea bila sababu anaweza kutozwa faini. Burundi nayo ina kazi zake za Jumamosi asubuhi. Tanzania, mwaka 2015, Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Disemba na kuifanya siku hiyo kuwa ya usafi nchi nzima, yeye mwenyewe akizoa taka karibu na Ikulu. Basi yupo miongoni mwetu anayeliona fagio na kumkumbuka askari aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Akikataa kuja, si mvivu. Ana sababu, na anayemwalika aijue kabla ya kumhukumu.

Lakini katika hayo yote limo jambo jema ambalo hatukulichukua tulipovuka bahari, nalo ni kikao. Umuganda haumalizwi na kufagia. Watu hukaa chini baada ya kazi wakazungumzia maji, shule, ugomvi wa mipaka. Msaragambo wa Upareni ulichimba mifereji na kujenga madarasa kwa sababu watu walikaa kwanza wakapanga wenyewe nini kijengwe. Sisi hapa tumechukua kufagia tukaacha kukaa. Tunamaliza saa sita, tunapiga picha, tunaondoka, na yule jirani hajapata nafasi ya kutuambia kwamba taa ya barabarani imezimika tangu Oktoba au kwamba mti ulioanguka ndio unaowapa wauza unga maficho. Nusu saa ya viti vya plastiki na chai baada ya kazi ingeleta faida kuliko mifuko ishirini zaidi ya taka.

Sasa tuseme juu ya wanaolipwa kufanya kazi hii. Mwezi Julai 2025 wafanyakazi wa jiji zaidi ya 9,000 wa chama cha District Council 33, wakiwamo wazoa taka, waligoma kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 9, wakidai mishahara ya kumudu maisha. Taka zilirundikana hadi kimo cha mtu, jua likiwaka. Siku hizo zilikuja fikra za kukusanya vijana wakazoe. Msimamo wa tahariri hii ni kwamba kazi ya kujitolea isitumike kamwe kuvunja mgomo wa mtu anayetafuta riziki yake. Wazoa taka wa jiji hili ni majirani zetu, na wapo wanajumuiya wanaoomba kazi hiyo hiyo kwa sababu ina bima ya afya na pensheni.

Tuna sababu nyingine ya kulishika hilo. Kila Januari tunashiriki siku ya huduma ya Martin Luther King, ambayo Philadelphia huiadhimisha kwa wingi wa watu kuliko mji mwingine wowote wa Marekani. Sheria iliyoifanya sikukuu hiyo kuwa siku ya kujitolea ilipitishwa mwaka 1994, ikisukumwa na Mbunge John Lewis na seneta wa jimbo letu hili, Harris Wofford. King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968, na alikuwa amekwenda kule kuwaunga mkono wazoa taka wapatao 1,300 waliogoma. Mgomo wao ulianza baada ya wawili wao, Echol Cole na Robert Walker, kusagwa na mtambo wa lori la taka walipojikinga mvua ndani yake. Huwezi kuvaa fulana yenye jina la King ukachukua fagio la mgomaji.

Wala kujitolea kwetu kusiwe kisingizio cha jiji kutulia. Meya Cherelle Parker aliahidi mji ulio salama, safi na wa kijani kuliko miji yote mikubwa ya nchi hii, na kiangazi cha 2024 alituma timu kusafisha mitaa kwa wiki 13. Ni hatua ya kweli na tunaipongeza. Tuendelee kumdai. Rundo la kifusi ni la kuripoti 311, kupiga picha na kufuatilia kwa diwani. Mgongo wa mwanajumuiya siyo lori la jiji.

Kuhusu mahali, kamati ya Jumuiya inapendekeza kusini-magharibi, karibu na Woodland Avenue. Wengi wetu huko ndiko tunakonunua mihogo, dagaa na vitenge katika maduka ya Waliberia, Waguinea na Wamali, na hapo karibu ipo bustani ya Bartram iliyoanzishwa mwaka 1728, ambayo ndani yake kuna shamba la Sankofa linalolimwa kwa kufuata mapokeo ya Waafrika wa pande zote za bahari. Akina mama wa Kongo wameshauliza kama tunaweza kupanda lengalenga kwenye kiwanja chetu. Tunapenda wazo hilo, kwa masharti mawili. Kwanza, kila kiwanja kina mwenyewe hata kama hajaonekana miaka ishirini, na bustani kadhaa za jiji hili zimewahi kupotea kwa kutojua hilo. Tutafute kibali kwanza, na shirika la Neighborhood Gardens Trust lina uzoefu wa kusaidia. Pili, udongo wa mahali palipobomolewa nyumba za zamani huwa na madini ya risasi kutokana na rangi za kuta, na madini hayo huathiri akili za watoto. Udongo upimwe, na mboga ipandwe kwenye matuta ya mbao yaliyojazwa udongo safi. Hadi hapo, nyasi na miti zinatosha. Mti wenyewe unataka maji misimu yake miwili mitatu ya kwanza, hasa Julai, ambapo wengi wetu husafiri nyumbani. Ratiba ya kumwagilia iandikwe mapema na isomwe kwenye mkutano.

Vijana wetu wanasema wangependa ukuta wa kuchorwa. Wana haki: jiji hili limechorwa michoro ya ukutani zaidi ya 4,000, na mpango wa Mural Arts ulizaliwa mwaka 1984 pale Meya Wilson Goode na msanii Jane Golden walipoamua kuwapa kazi ya kupaka rangi vijana waliokuwa wakiandika kuta kwa siri. Lakini mchoro huanza kwa kuwauliza wanaoishi mbele ya ukuta wanataka kuona nini. Tufike huko baada ya mwaka wa kujuana nao.

Tunachoomba sasa ni watu wachache wenye kudumu kuliko umati wa siku moja. Tunahitaji familia kumi zitakazokubali zamu moja kila mwezi kuanzia Aprili hadi Novemba, mwenye toroli na mwenye mashine ya kukatia nyasi, na angalau wanajumuiya wawili wanaoishi kusini-magharibi watakaokuwa kiungo chetu na kiongozi wa mtaa. Majina yapelekwe kwa katibu kabla ya mkutano mkuu wa Machi.